Duka lililonunua mashahidi: kisa cha J.C. Penney na Google, 2011

Jumatano, tarehe 9 Februari 2011, saa 1 usiku kwa saa za New York. Aliyeingia Google kutafuta sanduku la Samsonite la kupanda nalo ndege aliletewa, juu kabisa ya orodha, ukurasa wa duka la J.C. Penney. Samsonite wenyewe, wanaolitengeneza sanduku hilo, walikuwa chini yake. Saa 3 usiku swali lilelile liliporudiwa, ukurasa wa J.C. Penney ulikuwa wa 71. Upande wa samani za sebuleni ilikuwa vivyo hivyo: saa 1 duka ni la kwanza, saa 3 ni la 68.

Bidhaa na bei havikuhusika na anguko hilo hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba Google ilikuwa imeonyeshwa jinsi ushuhuda uliolibeba duka lile hadi juu ulivyopatikana, ikaacha kuuamini.

Kisa hiki kina zaidi ya miaka kumi, na mitambo ya kutafuta imebadilika sana tangu hapo. Hata hivyo narudi kwake kila mwenye biashara anaponiuliza, "Nifanyeje nitokee juu Google?" Ni nadra sana utaratibu wa kupanga kurasa kufunuliwa hadharani namna hii, kwa tarakimu zake na saa zake. Tena kile kilichonunuliwa kwa ajili ya J.C. Penney bado kiko sokoni. Wauzaji wake huwatumia ujumbe wa WhatsApp wenye hoteli ndogo za Zanzibar na wenye maduka wa Kariakoo na Nairobi: lipa kiasi hiki, tukupe viungo mia tano, yaani maneno ya kubofya kwenye tovuti nyingine yanayompeleka msomaji kwenye tovuti yako, mwezi ujao uko ukurasa wa kwanza. Inaniuma kumwona mtu akimega mtaji wake kwa ajili ya hicho.

Duka lenyewe

James Cash Penney alifungua duka lake la kwanza mwaka 1902 huko Kemmerer, mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe katika jimbo la Wyoming. Kufikia 2010 kampuni ilikuwa na makao makuu Plano, Texas, maduka zaidi ya 1,100, na mapato ya mwaka yaliyokaribia dola bilioni 17.8. Ilikuwa inauza nguo, matandiko, mazulia, mapazia na vyombo vya nyumbani kwa familia za kipato cha kati kote Marekani. Nayataja haya ili ieleweke mapema kwamba aliyenufaika na udanganyifu huu hakuwa tapeli wa mtandaoni aliyeibuka jana. Lilikuwa duka halisi lenye bidhaa halisi.

Katika miezi ya mwisho ya 2010, ile ya manunuzi ya Krismasi ambayo kwa muuza rejareja wa Marekani ndiyo msimu wa mavuno, J.C. Penney liliongoza kwenye Google kwa karibu kila neno lililohusu biashara yake. Mtu akiandika magauni, matandiko, mazulia, jinzi za kubana, vitambaa vya meza au mapambo ya nyumba, duka hilo ndilo la kwanza au limekaribia sana. Neno la Kiingereza la magauni peke yake, kwa makadirio ya Google yenyewe, lilikuwa likitafutwa Marekani zaidi ya mara milioni 11 kwa mwezi. Utafiti mmoja wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 34 hivi ya wanaotoka kwenye matokeo ya Google hubofya tokeo la kwanza kwenye orodha, karibu mara mbili ya wanaobofya la pili. Ukizidisha tarakimu hizo mbili unaona ukubwa wa kishawishi. Kutoka wa pili kwenda wa kwanza ni kuongeza mlango mzima wa duka bila kulipa kodi ya pango.

David Segal, mwandishi wa The New York Times, ndiye aliyeshtuka. Duka kubwa kuwa mbele kwa neno moja au matano si ajabu. Kuwa mbele kwa maneno mengi kiasi kile, mpaka kumpita mtengenezaji wa bidhaa kwa jina la bidhaa yake mwenyewe, kulihitaji maelezo. Alimwomba mtaalamu wa kampuni moja ya New York achunguze, na mtaalamu huyo akaenda moja kwa moja kutazama viungo.

Kwa nini alianzia kwenye viungo

Wengi hudhani kwamba ukibonyeza kitufe cha kutafuta, Google hukimbia mtandaoni kukutafutia. Hapana. Kazi hiyo ilikwisha kufanyika kabla hujauliza. Programu zake, zinazoitwa roboti, huzunguka mchana na usiku zikifungua kurasa, kuzisoma, na kufuata kila kiungo kwenda ukurasa unaofuata. Zilichosoma huwekwa kwenye faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu: neno hili, kurasa hizi. Unapouliza, mtambo hufungua faharasa hiyo. Ukurasa ambao roboti hawakuufikia, au waliufikia wakakuta picha tupu isiyo na maneno, hauna nafasi hata ya kushindana.

Kupata kurasa zenye neno magauni, basi, ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kusema katika mamilioni hayo upi utangulie.

Mitambo ya mwanzo iliegemea sana maneno yaliyomo ndani ya ukurasa. AltaVista, iliyofunguliwa Desemba 1995, ilikuwa ya ajabu kwa wakati wake, lakini mwenye ukurasa aliweza kurudia neno lake mara mia, tena kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe ili msomaji asilione na roboti alione. Ukimwachia mtu ajisifu mwenyewe, atajisifu.

Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford katikati ya miaka ya 1990, walichukua wazo lililozoeleka kwa wasomi. Makala ya kisayansi hupimwa kwa idadi ya makala nyingine zinazoitaja. Wao wakasema kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine nacho ni namna ya kutaja: mtu ameacha nafasi kwenye ukurasa wake kukuelekeza kwa mwenzake. Utaratibu huo waliuita PageRank, kwa jina la Page, na Google ikaanzishwa kama kampuni mwaka 1998.

Uzuri wa PageRank ni kwamba viungo havihesabiwi kichwa kwa kichwa. Fikiria familia inayomchunguza kijana aliyeleta posa. Wataulizia mtaani, lakini neno la kila jirani halitakuwa na uzito mmoja. Imamu au padri anayemjua kijana tangu utotoni atasikilizwa kuliko vijana kumi wa kijiweni. Na kama kuna mzee anayemsifu kila anayeulizwa habari zake, sifa zake zitapungua thamani. PageRank hufanya hayo yote mawili kwa hesabu. Ukurasa wenye uzito mkubwa hupeleka uzito mkubwa kwa unaowaelekeza, na uzito huo hugawanywa kwa idadi ya viungo vilivyomo, hivyo ukurasa wenye viungo kumi humpa kila mmoja sehemu ya kumi. Wenyewe waliueleza kwa mfano wa mtu anayezurura mtandaoni akibofya viungo bila mpango: katika hatua 100, kwenye 85 hivi anafuata kiungo kilicho mbele yake, kwenye 15 anachoka na kurukia ukurasa mwingine wowote. Ukurasa ambao mzururaji huyu angejikuta akipita mara nyingi ndio wenye uzito.

Kuna jambo la pili, ambalo katika kisa chetu ndilo lenye sumu. Page na Brin waliamua pia kwamba maneno yaliyoandikwa kwenye kiungo yahesabiwe kama sifa ya ukurasa unaoelekezwa. Kiungo kikisema "magauni meusi", basi ukurasa wa mwisho wa safari huhesabiwa kuwa unahusu magauni meusi, hata kama wenyewe hausemi hivyo. Wazo lilikuwa la busara, maana watu wengine huweza kukueleza vizuri kuliko unavyojieleza. Lakini kuanzia 2003 kundi la watu lilionyesha udhaifu wake, walipoweka viungo vingi vyenye maneno ya Kiingereza yenye maana ya "aliyeshindwa vibaya" kuelekea ukurasa wa wasifu wa Rais George W. Bush. Aliyetafuta maneno hayo alimkuta Bush juu ya orodha. Google ilisubiri hadi Januari 2007 kutangaza kwamba imepata dawa ya mchezo huo.

Sasa mpe silaha hiyo mtu mwenye bidhaa ya kuuza.

Mashahidi 2,015

Mtaalamu yule alikuta kurasa 2,015 zenye viungo vya maneno kama magauni ya kawaida, magauni ya jioni, gauni fupi jeusi na magauni ya kokteli. Ukibofya lolote kati ya hayo, kwenye ukurasa wowote kati ya hizo, unatua palepale: ukurasa mkuu wa magauni wa J.C. Penney.

Na kurasa zenyewe ni zipi? Chache zilikuwa na uhusiano na mavazi, angalau kwa jina. Nyingine, nyingi, hazikuwa na uhusiano wowote. "Magauni meusi" yalikuwa yamebandikwa chini ya tovuti ya uhandisi wa nyuklia. "Magauni ya jioni" yalikuwa kwenye tovuti ya kamari. "Magauni ya kokteli" yalikaa kwenye tovuti ya kuuza nyumba na viwanja Bulgaria, na "magauni ya kawaida" kwenye orodha ya mabenki. Kulikuwa na tovuti za magonjwa, za kamera, za mbwa, za kukoroma, za uvuvi na za madaktari wa meno. Baadhi zilionekana kama nyumba zilizohamwa, hakuna kinachoendelea ndani isipokuwa viungo hivyo.

Hapa panahitaji kutuliwa, kwa sababu ndipo penye somo la kitaalamu. Binadamu akifungua ukurasa wa kukoroma na kukuta chini yake tangazo dogo la magauni ya jioni, anajua papo hapo kwamba kuna kitu hakiko sawa. Mbona mtambo wenye akili kiasi kile haukujua?

Kila shahidi peke yake alikuwa na uzito kidogo mno kushtua mtu. Nguvu ilitoka kwenye jumla yao, na jumla hiyo ilitawanywa katika mamia ya tovuti zisizofahamiana. Maneno nayo yalikuwa sawasawa na yale wanunuzi wanayoyaandika wakitafuta, kwa hiyo kila kiungo kiligonga panapotakiwa. Nionavyo mimi, kulikuwa na sababu nyingine kubwa zaidi ya hizo: J.C. Penney lilikuwa linauza magauni kweli. Tovuti yake ilikuwa kubwa na jina lake lilifahamika. Aliyebofya alikuta magauni, hakukuta dawa za miujiza, hivyo hakuwa na sababu ya kulalamika. Uongo ulioegeshwa kwenye ukweli mkubwa ni mgumu kuugundua kuliko uongo mtupu, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba hakukuwa na aliyeumia. Aliyeumia ni yule muuzaji aliyestahili nafasi ya kwanza kwa "mapazia" au kwa "mazulia", aliyefanya kazi yake kwa uaminifu msimu mzima, akabaki wa pili au wa kumi na moja bila kujua kwa nini simu haiiti.

Wenye jicho la kazi hii hutazama pia jinsi viungo vinavyotamka. Watu wa kawaida wakikuelekeza kwa hiari yao, kila mmoja husema kwa namna yake. Mmoja ataandika jina la duka, mwingine "tazama hapa", wa tatu atabandika anwani ya tovuti ilivyo, wa nne atakosea hata tahajia. Ushuhuda wa kweli huwa na vurugu. Unapokuta viungo elfu mbili, na kila kimoja kinatamka jina la bidhaa kwa ufasaha wa katalogi, ni kama kusikiliza mashahidi mahakamani wanaorudia sentensi moja neno kwa neno. Hakimu yeyote angeuliza nani amewafundisha.

Hukumu ya usiku mmoja

Google ilikuwa na timu ya kupambana na taka za mtandaoni, na mkuu wake alikuwa Matt Cutts. Segal alipompelekea ushahidi, Cutts alikubali kwamba miongozo ya Google imevunjwa. Akaongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote katika kisa hiki: haikuwa mara ya kwanza. Google ilishanasa makosa yanayohusu tovuti ya J.C. Penney mara tatu kabla, mara ya mwisho ikiwa Novemba 2010. Kila mara ilichukua hatua za kuishusha, lakini haikurudi baadaye kuangalia kama mchezo umekoma.

Anguko lilikuwa na vipande viwili. Mwanzoni mwa Februari algoriti, yaani kanuni za mtambo zinazofanya kazi bila mtu kuzigusa, zilianza zenyewe kuvipunguzia uzito viungo vile. Kisha Jumatano usiku watu wakaingiza mkono wao. Kwa maneno 59 yaliyofuatiliwa na gazeti, wastani wa nafasi ya duka ulikuwa 1.3 tarehe 1 Februari. Tarehe 8 ulikuwa 4. Tarehe 10 ulikuwa 52. Kwa orodha ya matokeo kumi kwa kila ukurasa, nafasi ya 52 ni ukurasa wa sita, mahali ambapo mnunuzi wa magauni hafiki. Makala ya Segal ilitoka mwisho wa wiki hiyohiyo.

J.C. Penney lilisema halikuidhinisha viungo hivyo wala halikujua habari zake, likaivunjia mkataba kampuni iliyokuwa inalishauri kuhusu utafutaji, na likaahidi kuhangaikia kuondolewa kwa viungo. Lilisema pia kwamba asilimia 7 tu ya wageni wa tovuti yake walitoka kwenye matokeo yasiyolipiwa ya mitambo ya kutafuta. Nani alijua nini ndani ya kampuni ile, siwezi kusema. Ninachoweza kusema ni kwamba mbele ya mtambo wa kutafuta, mwenye tovuti ndiye anayebeba mzigo, hata kama aliyetenda ni wakala. Anayeajiri mshauri akaridhika kuletewa ripoti za nafasi kupanda, asiulize zimepandaje, ameweka jina lake rehani kwa kazi asiyoijua. Swali "mmevipata wapi viungo hivi, nionyesheni kumi" linachukua dakika moja kuulizwa.

Lakini na Google nayo ina la kujibu. Gazeti lilibainisha kwamba J.C. Penney lilikuwa mlipaji mkubwa wa matangazo kwenye mtambo huo, na swali likawa wazi: je, Google ilifumba macho kwa sababu ya fedha? Cutts alikana katakata kwamba matangazo yana sauti yoyote katika kupanga matokeo. Mimi ninamwamini kwa hilo. Februari 2006 Google iliiondoa kabisa tovuti ya Kijerumani ya BMW, kampuni isiyokosa bajeti ya matangazo, kwa sababu ilikuwa na kurasa zilizojazwa neno la Kijerumani la magari yaliyotumika, ambazo roboti walizisoma huku binadamu akirushwa kwenye ukurasa mwingine. Tatizo ninaloliona liko kwingine. Mkamataji, hakimu na mpokea rufaa ni mtu mmoja, na jicho lake halifiki kila mahali kwa usawa. Mara tatu mtambo uligundua, mara tatu kosa likaendelea, mpaka gazeti kubwa lilipopiga hodi.

Adhabu nayo haikuwa na uzito mmoja kwa wote. J.C. Penney lilikaa chini siku 90 hivi, likarudi Mei 2011. Mwezi uleule wa Februari duka la mtandaoni la Overstock lilishushwa pia, kwa kuwapa wanafunzi na wafanyakazi wa vyuo vikuu punguzo la asilimia 10 ili tovuti za vyuo viweke viungo vyake. Nalo lilisamehewa Aprili. Kampuni za namna hiyo zina wanasheria na wahandisi, na J.C. Penney lilikuwa pia na maduka ya matofali yaliyoendelea kuuza wakati tovuti imelala. Mwenye biashara ndogo aliyeuziwa viungo vilevile hana hata mmoja wa kumwandikia barua, na miezi mitatu bila wateja inatosha kumfungia.

Walioumia baadaye

Tarehe 24 Aprili 2012 Google ilitoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yaliyolenga tovuti zinazojipandisha kwa hila, viungo vya kununuliwa vikiwemo. Kwa maelezo yake yaligusa asilimia 3.1 hivi ya utafutaji wa Kiingereza. Kile kilichohitaji mkono wa binadamu usiku ule wa Jumatano sasa kilifanywa na mtambo wenyewe kwa tovuti nyingi kwa mpigo. Ulikuwa wakati mchungu. Watu waliolipa ili viungo viwekwe walianza kuwaandikia wenye tovuti wakiwaomba waviondoe, na wapo waliodai malipo mengine kwa kazi ya kuondoa. Oktoba mwaka huo Google ikaleta zana ya kumwezesha mtu kuvikana viungo asivyovitaka.

Septemba 2016 Penguin ikawa sehemu ya kudumu ya mtambo na tabia yake ikabadilika. Badala ya kuishusha tovuti nzima, mara nyingi huvipuuza tu viungo vibaya, kana kwamba havipo. Tangu 2022 mfumo wa akili bandia wa Google uitwao SpamBrain hutumika pia kuvinusa viungo vya kununuliwa, pamoja na tovuti zilizoundwa kwa ajili ya kuviuza. Maana yake kwa anayepokea ujumbe wa "viungo mia tano" leo ni kwamba yumkini hataadhibiwa. Atakuwa amelipa fedha, mtambo ukavitazama vile viungo na kupita, na muuzaji ataleta ripoti nzuri yenye hesabu ya viungo mia tano. Hata hivyo adhabu ya mkono, ile inayoamuliwa na watu, bado ipo, na bado inatolewa.

Fundi wa Mombasa

Chukua fundi wa magauni ya harusi wa Mombasa. Ana tovuti ya kurasa nne aliyotengenezewa na mpwa wake. Ukurasa wa mbele una kichwa cha habari "Karibu", picha kumi nzuri, na orodha ya bei iliyopigwa picha kutoka kwenye karatasi. Hana shida ya viungo kwanza. Shida yake ni kwamba roboti akifika pale hakuti neno gauni, hakuti neno harusi, hakuti Mombasa. Kichwa cha ukurasa, kile kinachoonekana kama mstari wa kubofya kwenye matokeo, kikisomeka "Magauni ya harusi ya kushona, Mombasa", na bei zikiandikwa kwa herufi badala ya picha, na kila picha ikapewa maelezo ya maneno machache, tayari faharasa ina cha kushika.

Maneno ayachukue kwa wateja wake mwenyewe. Wanapopiga simu wanasema gauni la bibi harusi, shela, nguo za kusimamia, gauni la kukodi. Kila moja kati ya hayo ni jambo tofauti kwa mnunuzi, na linastahili ukurasa wake wenye maelezo ya kweli: inachukua siku ngapi kushona, kipimo kinachukuliwaje kwa aliye mbali, malipo ya awali ni kiasi gani. Orodha ya siri ya maneno muhimu iliyofichwa ndani ya ukurasa asijisumbue nayo. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupangia. Picha azipunguze ukubwa, maana wateja wengi watafungua kwa simu na kwa bando, na tangu 2018 kasi ya ukurasa kwenye simu nayo imo katika vinavyopimwa, ingawa uzito wake ni mdogo ukilinganisha na maelezo yenyewe. Google ina zana ya bure, Search Console, inayomwonyesha maneno gani yaliwaleta wageni, na kurasa zipi hazikuingia kwenye faharasa. Ajiandikishe nayo kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Tena anaandika Kiswahili, na hiyo ni faida ambayo wengi hawaihesabu. Kwa neno la Kiingereza la magauni anashindana na J.C. Penney na dunia nzima. Kwa "gauni la kukodi Mombasa" washindani ni wachache, na wengi wao nao wana kurasa zinazosema "Karibu".

Viungo vitafuata, polepole. Mpiga picha wa harusi atakayeweka picha za shughuli kwenye tovuti yake ataulizwa na watu gauni lile limeshonwa wapi, naye ataandika chini ya picha: gauni ni la mama fulani wa Majengo, bofya hapa.